Mwalimu wa Nani? Warisata na Mapambano ya Waaymara katika Bolivia

Suala la kuwaandaa walimu mara nyingi huzungumzwa kama suala la utaalamu tu. Watu hubishana juu ya mtaala, juu ya miaka ya mafunzo, juu ya lugha ya kufundishia. Na wakisha kukubaliana juu ya hayo huona kazi imekwisha. Lakini katika jamii yenye matabaka mwalimu huandaliwa na tabaka fulani kwa manufaa ya tabaka fulani, na mtaala hufuata nyuma. Mnyonge anaweza kufundishwa kwa lugha yake mwenyewe, na mwalimu aliyezaliwa kijijini kwake, na bado akafundishwa utumwa. Ni nchi chache zinazolionyesha jambo hili waziwazi kama Bolivia, huko Amerika ya Kusini, ambako kijiji kimoja cha Waaymara kiitwacho Warisata kimepita, katika muda usiozidi miaka themanini, mikononi mwa karibu kila aina ya elimu ambayo dola imepata kuwabunia wenyeji wa asili. Mwalimu wa kila aina alijua Kiaymara au alipata kuambiwa akitumie. Tofauti ilikuwa mahali pengine.

Waaymara huishi katika nyanda za juu zinazolizunguka ziwa Titicaca, zaidi ya mita 3,800 juu ya usawa wa bahari. Waquechua wako zaidi mabondeni, na katika nchi ya chini ya mashariki wako Waguaraní na makabila mengine mengi. Wahispania walipoingia katika karne ya 16 waliwaita wote “Wahindi”, jina lililotokana na makosa ya mabaharia, nalo likageuka kuwa jina la tabaka: Mhindi ni mtu wa kulipa kodi na kufanya kazi bila ujira. Uhuru wa mwaka 1825 ulibadilisha bendera. Hali ya Mhindi haikubadilika, na kwa upande wa ardhi ilizidi kuwa mbaya, kwa maana sheria ya mwaka 1874 ilivunja haki ya vijiji kumiliki ardhi kwa pamoja, na kwa mlango huo mashamba ya makabaila yakapanuka na kumeza vijiji vizima pamoja na watu wake.

KUSOMA KAMA SILAHA

Mtu aliyemezwa pamoja na ardhi yake alikuwa mtwana. Siku kadhaa za kila juma alilima shamba la bwana bila malipo ili aruhusiwe kulima kipande kidogo kwa ajili ya watoto wake. Kwa zamu alipelekwa mjini kutumika katika nyumba ya bwana, akilala mlangoni. Na mpaka mwaka 1952 mtu asiyejua kusoma na kuandika hakuwa na haki ya kupiga kura katika Bolivia, yaani wananchi walio wengi hawakuwa raia ndani ya nchi yao wenyewe.

Tukiyaweka mambo haya pamoja tunaelewa kwa nini shule ya kijijini ilikuwa jambo la hatari. Anayejua kusoma anaweza kudai kura. Anaweza pia kusoma hati za zamani za ardhi, na hili ndilo lililowatia makabaila hofu zaidi. Katika miaka ya 1910 na 1920 wajumbe waliochaguliwa na vijiji, ambaye mashuhuri miongoni mwao ni Santos Marka T'ula, walizunguka katika maktaba za kumbukumbu wakitafuta hati za enzi ya ukoloni zilizothibitisha mipaka ya ardhi yao. Viongozi hao walidai mambo mawili kwa pauni moja: ardhi na shule. Eduardo Nina Quispe, Mwaymara aliyejifunza kusoma kwa juhudi zake mwenyewe, alifungua darasa nyumbani kwake katika mji wa La Paz mwaka 1928. Huko Warisata, Avelino Siñani alikuwa akiwafundisha watoto kijijini muda mrefu kabla ya serikali kuwa na habari yoyote ya kujenga shule hapo. Ni vema kulisisitiza jambo hili, kwa sababu vitabu vingi huanza hadithi ya elimu ya wenyeji wa asili siku alipowasili mwalimu kutoka mjini.

CHUO MJINI, MWANAFUNZI MLIMANI

Dola nayo ilikuwa na mpango wake. Chuo cha kwanza cha ualimu kilifunguliwa katika mji wa Sucre mwaka 1909, chini ya mtaalamu kutoka Ubelgiji, Georges Rouma. Katika miaka iliyofuata vilijaribiwa vyuo vya kuandaa walimu wa mashambani. Walimu wengi waliotoka katika vyuo vya namna hiyo hawakutaka kurudi mashambani, na walioenda walikwenda kama maafisa. Elimu waliyopewa iliwafundisha kwamba kijiji ni ugonjwa na wao ni dawa.

Mmoja wa waliosoma Sucre alikuwa Elizardo Pérez. Hakuwa Mwaymara, alikuwa mtu wa tabaka la kati, mkaguzi wa shule. Mwaka 1931 alipewa kukiongoza chuo cha kuwaandaa walimu wenyeji kilichokuwa Miraflores, kitongoji cha La Paz. Alikaa muda mfupi tu akajiuzulu. Hoja yake ilikuwa rahisi: huwezi kumtoa kijana mlimani, ukamweka mjini, ukamfundisha kuyaonea haya mavazi ya mama yake, halafu ukategemea awe mwalimu wa watu wake. Shule ya wenyeji lazima iwe pale wenyeji wanapoishi na wanapozalisha mali. Pérez alikwenda Warisata, akaungana na Siñani, na tarehe 2 Agosti 1931 shule ikaanzishwa, chini ya mlima Illampu, karibu na mji wa Achacachi ambao ulikuwa ngome ya makabaila wa wilaya hiyo.

BUNGE LA WAZEE

Shule ya Warisata ilijengwa na wanakijiji wenyewe. Walifinyanga matofali, walichoma vigae, walibeba mawe, na jengo kubwa la ghorofa lililoinuka hapo lilipewa jina la Meksiko kwa heshima ya nchi ambayo wakati huo ilikuwa mbele katika elimu ya mashambani. Lakini majengo ya kujitolea yapo mahali pengi. Kilichokuwa kipya ni utawala.

Mfumo wa shule ulichukuliwa kutoka ayllu, yaani jumuiya ya Waaymara yenye kuunganisha ukoo, ardhi na uongozi wa zamu, ambamo watu husaidiana kazi leo kwako kesho kwangu, na kazi kubwa hufanywa na wote kwa msaragambo. (Msomaji asiharakishe kuona hapa ujamaa kamili. Ayllu ilikuwa na walionacho na wasionacho, uongozi wake ulikuwa mikononi mwa wanaume zaidi, na ilizungukwa na ukabaila kama kisiwa kinavyozungukwa na bahari.) Juu ya shule kilikaa kikao cha wazee kilichoitwa Bunge la Amauta, amauta maana yake ni mwenye hekima. Bunge hilo lilipanga kazi za ujenzi, mashamba na karakana, lilisikiliza hesabu, na lilisuluhisha ugomvi. Mwalimu alisimama mbele ya wazee hao akaeleza amefanya nini. Lugha ya kikao ilikuwa Kiaymara.

Hapa ndipo tunapogusa kiini cha suala la lugha. Katika vyuo vya awali Kiaymara, kama kilikubaliwa, kilikuwa ngazi ya kumpandishia mtoto kwenye Kihispania, halafu ngazi inatupwa. Warisata ilifundisha Kihispania pia, na kwa bidii, kwa kuwa ndiyo lugha ya mahakama na ya hati. Ila Kiaymara kilikuwa lugha ya kutolea maamuzi. Lugha ya mtu hupata heshima pale inapotumika kuamua, na kijana aliyekuwa akimsikia baba yake akimhoji mwalimu kwa Kiaymara, na mwalimu akijibu, alikuwa amepata somo ambalo hakuna kitabu cha kusomea kingeweza kumpa.

Mafunzo ya ualimu yaliota kutokana na mwili huo. Mtoto alianza katika madarasa ya chini, akapanda hadi hatua ya ufundi, na mwisho ikawa hatua ya ualimu. Darasa, karakana na shamba vilikwenda pamoja; mitihani ya kawaida na ratiba za kengele ziliachwa. Aliyetaka kuwa mwalimu alikuwa kwanza amekuwa mkulima wa viazi, fundi wa mbao au wa kufuma, na mshiriki katika vikao. Alijua majira ya kupanda kwa hesabu za wazee wake na kwa hesabu za kitabu. Kisha alipelekwa katika shule ndogo za vijiji vya jirani zilizotegemea shule kuu, naye akawa chini ya macho ya wazee wa vijiji hivyo pamoja na ya kituo. Mpango huu wa kituo kimoja na shule ndogo zilizokizunguka ulienea mikoani. Huko Caiza, katika Potosí, kulikuwa na kituo. Huko Casarabe, katika misitu ya Beni, Carlos Loayza Beltrán alianzisha kituo miongoni mwa Wasirionó. Na katika bonde la Cochabamba kulikuwa na shule ya Ucureña, ambayo ilikua bega kwa bega na chama cha wakulima kilichoundwa mwaka 1936 na watwana waliotaka kukodi wenyewe ardhi waliyokuwa wakiilima.

KUVUNJWA KWA WARISATA

Maendeleo hayo yalipata nafasi kutokana na vita vya Chaco. Kati ya 1932 na 1935 Bolivia ilipigana na Paraguay ikashindwa, na waliokufa kwa maelfu katika vichaka vile vya ukame walikuwa zaidi Waaymara na Waquechua waliopelekwa kuipigania nchi isiyowapa kura. Maafisa vijana wa jeshi waliorudi na hasira walitwaa madaraka mwaka 1936. Rais Germán Busch, mmoja wao, aliitangaza tarehe 2 Agosti kuwa Siku ya Mhindi mwaka 1937, na Pérez akawekwa kuongoza elimu ya wenyeji nchini kote.

Agosti 1939 Busch alijiua. Mabwana wa mashamba na wa migodi wakarudi katika nafasi zao, na hawakuchelewa. Baraza la Taifa la Elimu lilianzisha kampeni dhidi ya Warisata: shule inapoteza fedha, haifundishi lolote, ni kiota cha ukomunisti. Mwaka 1940 walimu waliojengwa na harakati ile walifukuzwa, wanafunzi walitawanywa, karakana zikavunjwa, na Bunge la Amauta likafutwa. Casarabe nayo haikupona. Siñani alifariki mapema mwaka 1941.

Kwa nini ilikuwa rahisi hivyo? Wapo wanaojibu kwa kuwataja maadui tu, na maadui kweli walikuwa na nguvu. Lakini kada anayesoma historia ili ajifunze hana budi kuutazama pia udhaifu wa upande wetu. Mishahara ya walimu ilitoka serikalini. Ulinzi wa harakati nzima ulitegemea wema wa rais mmoja. Kila kituo kilikuwa na wazee wake, ila hapakuwa na chombo cha kisiasa cha kuviunganisha vituo hivyo pamoja na wafanyakazi wa migodini, ambao wakati huo huo walikuwa wakipigana na maadui wale wale. Mahali ambapo shule na chama cha wakulima viliota pamoja, yaani Ucureña, mizizi ilibaki ardhini, na ni huko huko, tarehe 2 Agosti 1953, ndiko ilikotiwa sahihi amri ya kugawa ardhi ya makabaila.

GANDA BILA KIINI

Baada ya 1940 dola haikuifuta Warisata katika ramani. Ilifanya jambo la ujanja zaidi: ilibakiza umbo. Mpango wa kituo na shule ndogo ulionekana kuwa wa gharama nafuu na wenye kusimamika kwa urahisi. Tangu mwaka 1944 wataalamu wa misaada kutoka Marekani waliuingia mpango huo kupitia shirika la pamoja la elimu lililoitwa SCIDE, wakakazania usafi, lishe na mbinu za kilimo. Mwaka 1945 Bolivia na Peru zilikubaliana kuueneza, na huko Peru Luis E. Valcárcel akiwa waziri aliuanzisha katika maeneo ya Waquechua na Waaymara. Si haki kusema kwamba hayo yote yalikuwa mabaya; mtoto aliyechanjwa amechanjwa. Lakini kikao cha wazee hakikuwamo tena. Kijiji kikawa mahali pa kuletewa huduma.

Mapinduzi ya Aprili 1952 yaliwapa wote kura na kuvunja utwana. Hatua hiyo ni kubwa, na anayeibeza hajui utwana ulikuwa nini. Pamoja na hayo, mapinduzi yalikuwa na mawazo ya kibepari kuhusu taifa: taifa moja, lugha moja, utamaduni mmoja, wa Kihispania. Neno “Mhindi” lilifutwa, likawekwa “mkulima”. Sheria ya Elimu ya mwaka 1955 iliweka elimu ya mashambani chini ya wizara ya mambo ya wakulima, mbali na wizara ya elimu iliyoshughulikia miji, na ilitaka lugha za wenyeji zitumike tu kama chombo cha kumfikisha mtoto haraka kwenye Kihispania. Vyuo vya ualimu vya mashambani viliongezeka, Warisata ikiwa mojawapo. Vijana wa Kiaymara waliingia kwa wingi. Walitoka wakiwa walimu, na wengi walikwenda kufundisha vijijini kwao kwamba usemi wa bibi zao ni aibu. Mwalimu sasa alikuwa mwenyeji kwa damu na mgeni kwa kazi.

Walioliona hilo mapema walikuwa Waaymara na Waquechua wenyewe. Mwezi Julai 1973, chini ya udikteta wa Hugo Banzer, jumuiya zao kadhaa zilitoa Tamko la Tiwanaku, ambalo liliishutumu shule ya mashambani kwa kuwageuza watoto wao waige maisha ya wengine na kuwafanya wageni katika nchi yao. Nafikiri Tamko hilo ni muhimu kuliko ripoti nyingi za wataalamu, kwa kuwa liliunganisha malalamiko ya lugha na malalamiko ya bei za mazao, mikopo na vyama vya wakulima, kama wale wajumbe wa miaka ya 1920 walivyounganisha hati na shule.

LUGHA YARUDI

Lugha za wenyeji zilirudi shuleni kwa njia ambayo wengi hawakuitarajia. Sheria ya Mageuzi ya Elimu ya Julai 1994, iliyoagiza mtoto aanze kusoma kwa lugha ya nyumbani kwake, ilitolewa na serikali ya Gonzalo Sánchez de Lozada, mfanyabiashara wa migodi, ambayo wakati huo ikiuza mashirika ya umma, na ilitekelezwa kwa mikopo ya Benki ya Dunia. Vitabu vya Kiaymara, Kiquechua na Kiguaraní vilichapishwa. Baadhi ya vyuo, pamoja na Warisata, viliwekwa kuandaa walimu wa lugha mbili. Waguaraní, ambao walikuwa na Baraza lao tangu 1987 na walikwisha kuanza kazi hiyo kabla ya sheria, waliipokea kama chao.

Nyanda za juu mambo yalikuwa magumu zaidi. Walimu walizungumza Kiaymara tangu utotoni lakini hawakuwahi kukiandika. Chuo kiliwafundisha kukificha, na sasa waliambiwa wakifundishe baada ya semina fupi. Vyama vya walimu viliipinga sheria nzima, vikiona ndani yake mkono wa wakopeshaji, na havikukosea. Wazazi wengi nao walisema kwamba Kiaymara mtoto anacho nyumbani, shuleni anafuata Kihispania. Wataalamu waliwaona wazazi hao kuwa watu wenye kasumba. Mimi nawaona kuwa watu wenye kumbukumbu: walijua lugha ipi ilifungua mlango wa ofisi na ipi iliwaacha nje, na hakuna aliyewaita kuzungumza nao katika kikao chenye uwezo wa kuamua.

Rais yule yule alirudi madarakani mwaka 2002. Mwaka uliofuata wakulima wa nyanda za juu walifunga barabara, na mojawapo ya madai makubwa ya wakati huo ilikuwa kwamba gesi ya nchi isiuzwe nje kwa manufaa ya makampuni. Tarehe 20 Septemba 2003 askari waliokuwa wakiusindikiza msafara uliotoka Sorata waliingia Warisata na kufyatua risasi. Watu waliuawa, miongoni mwao mtoto wa kike wa miaka minane aliyekuwa ndani ya nyumba yao. Serikali iliyotia sahihi Kiaymara kiingie darasani ilipeleka bunduki katika kijiji ambako shule ya Kiaymara ilizaliwa. Mauaji hayo yaliwasha moto nchi nzima, na tarehe 17 Oktoba Sánchez de Lozada alikimbilia Marekani.

Katiba ya mwaka 2009 ilizitambua lugha 36 za wenyeji kuwa lugha rasmi pamoja na Kihispania. Sheria ya Elimu namba 70 ya Desemba 2010 ilipewa majina ya Avelino Siñani na Elizardo Pérez, jina la Mwaymara likitangulia, na iliagiza kwamba elimu iwe ya lugha mbili, yenye mizizi katika utamaduni wa kila watu na yenye kuungana na uzalishaji mali. Vyuo vya ualimu vilifanywa kuwa vya umma peke yake, na kile cha Warisata kiliendelea kutoa walimu mahali pale pale. Taasisi za lugha na utamaduni zilianzishwa ili kila lugha iwe na watu wa kuitunza na kuiandika.

Lakini mshahara wa mwalimu na barua ya kumpangia kituo vyote hutoka wizarani, na mwalimu wa Kiaymara anaweza kupangiwa kwa Waquechua. Mzazi ana nafasi katika mabaraza ya elimu. Anaalikwa, anasikilizwa, jina lake linaandikwa katika kumbukumbu za mkutano. Wale wazee wa mwaka 1931 walikuwa na zaidi ya hayo: waliweza kumwita mwalimu asimame mbele yao na kuwatolea hesabu ya kazi yake.